Mchi wa Pili

Simu ya msiba ilinikuta uwanjani, Nachingwea, Jumamosi asubuhi, nimesimama mbele ya wanawake wenzangu wa kikundi, mikono juu, nyonga kushoto. Kikundi chetu hakina makuu. Ni wanawake wa makamo na kupanda, wengi wetu tuna presha, wengine sukari, magoti ndiyo usiseme, na kila Jumamosi tunakutana nyuma ya shule ya msingi tunacheza ngoma hadi kanga zinalowa jasho. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetuambia tufanye mazoezi. Tukamjibu kwamba kukimbia barabarani kama tumefukuzwa na nyuki hatuwezi, lakini kucheza tunaweza. Mpigaji alisema Bibi Somoe wa Chinongwe amefariki alfajiri. Niliwaambia wenzangu wamalizie wenyewe, nikakaa kwenye kizingiti cha darasa, nikalia mpaka nikatosheka, kisha nikaenda nyumbani kufungasha. Watu hufikiri kikundi kile nilikitoa kichwani mwangu, au kwenye televisheni. Nilikitoa kwenye ua wa Bibi Somoe, mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kwamba nafundishwa kitu.

Nianzie wodini, maana mwaka ule kwangu ulianzia huko. Mume wa Bibi Somoe alifariki msimu wa korosho ukielekea mwisho, na matanga hayajaisha, yeye mwenyewe akaanguka mlangoni pa bafu la uani. Kiharusi. Mguu na mkono wa kulia vikalala, mdomo ukaenda upande. Wakamleta hospitali Nachingwea, na mimi, mjukuu wa dada yake, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne bila cha kujivunia na nashinda nyumbani nikisikiliza redio, nikaonekana ndiye wa kumuuguza. Wodini palinuka dawa ya kusafishia sakafu na uji wa watu wengi. Kijana mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole, mwenye mikono ya baridi, alikuwa akija asubuhi, anamsimamisha kando ya kitanda na kumwambia ahamishie uzito kwenye mguu mgonjwa, kisha mzima, kisha mgonjwa tena. Bibi alimtazama kama mtu anayeuziwa kitu asichokitaka. Siku ya kuruhusiwa nilimuuliza yule kijana nitafanyaje kule kijijini pasipo na vyuma vya kushikilia. Akasema vyuma si hoja, hoja ni kwamba mguu ule ubebe mzigo kila siku. Akaongeza, "Mtafutie kazi ambayo mwili wake unaijua tangu zamani. Ukimwacha akae tu, mvua zikija kwisha mguu utakuwa gogo." Niliitikia bila kuelewa hata nusu yake.

Nyumba ya Chinongwe ilikuwa ya tofali za udongo na bati, na chumba cha bibi kilikuwa cha nyuma, kinachotazama uani. Kitanda cha kamba, mkeka wa ukindu, kidirisha cha kupitisha mkono, na magunia ya makopa yamepangwa ukutani hadi karibu na dari, kwa hiyo chumba kizima kilinuka muhogo mkavu. Alirudi pale kumalizia eda. Msimamizi wa eda alikuwa Bi Mwanaidi, dada wa marehemu mume, mwanamke mrefu, msafi, asiyecheka ovyo, aliyekaa nyumba ya pili. Bi Mwanaidi aliijua eda kwa namna ya wazee wake, ambayo ilikuwa kali kuliko ya kwenye vitabu. Mjane hapaki mafuta mazuri, hilo sawa, hatoki kwenda kwa watu, nalo sawa. Lakini kwake mjane pia alipaswa akae mkekani ametulia, miguu mbele, sauti chini, ili kila aingiaye aone kwamba humu kuna aliyefiwa. Nilipojaribu kumsimamisha bibi kama nilivyofundishwa, Bi Mwanaidi aliniuliza nimeona wapi mfiwa ananyoshwanyoshwa kama mchezaji mpira. Na bibi mwenyewe hakunisaidia. Alikuwa amelegea kwa mwili na kwa nia. Asubuhi nampa uji wa mtama, mchana ugali wa muhogo na kisamvu, anakula vijiko vichache, anageukia ukuta. Mguu ukawa unazidi kuwa mzito nikiushika kumwogesha. Niliogopa, na sikuwa na wa kumwambia.

Siku moja mwanawe Saidi alikuja kutoka Lindi mjini alikokuwa akifanya kazi. Nikiwa jikoni nachambua mbaazi, nikamsikia akizungumza na shangazi yake, Bi Mwanaidi, kwenye baraza. Alisema eda ikiisha atamchukua mama yake akae naye mjini. Kuna chumba cha uani, kidogo lakini kina taa. Nyumba hii itafungwa, mikorosho ataiangalia mjomba wake. Bi Mwanaidi akauliza je, kama wifi akipata nafuu? Saidi akajibu kwa upole kabisa, na ndiyo maana ninakumbuka, kwamba mama akiweza kutoka mwenyewe mlangoni siku ya kutoka eda, basi atabaki kwake, nani amkataze, lakini shangazi, umemwona? Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Niligeuka nikaona mlango wa chumba cha bibi uko wazi nusu. Alikuwa macho. Usiku ule hakula kabisa, na nilipomfunika aliniambia kwa ulimi wake mzito kwamba ile nyumba aliikandika kwa mikono yake, kila ukuta. Nikamwambia najua. Sikujua, lakini ningesema nini?

Juma lililofuata akaja Bi Adija. Kwa asiyejua mambo ya kwetu, Mmwera na Myao ni watani. Babu zao walipigana, wakachoka, wakabakiza matusi, na matusi hayo wameyatunza vizuri. Mtani wako anaweza kukuambia kitu ambacho ndugu yako angekisema mngeacha kusalimiana, nawe huruhusiwi kukasirika. Kwenye msiba ndiyo kabisa, mtani ana ruhusa ya kuchekesha waliaji, kumwigiza marehemu, hata kujilaza juu ya jeneza akidai nafasi. Bibi Somoe alikuwa Mmwera, na Bi Adija alikuwa Myao mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Walikuwa watani na marafiki tangu walipochezwa unyago mwaka mmoja, na ngoma zote za wanawake za upande ule walikuwa wakizicheza pamoja mpaka uzee. Alikuwa ameugua nyumbani kwa binti yake huko Namungo, ndiyo maana alichelewa kuja.

Hakupiga hodi. Aliingia chumbani, akamtazama bibi kwa kitambo, halafu akakaa mkekani uso kwa uso naye, akanyosha mguu wa kulia kama gogo, akauachia mkono udondoke, akapinda mdomo upande uleule. Alimpata sawasawa, hadi lile jicho linalotaka kufumba. Mimi nilishika mdomo. Bi Mwanaidi aliyekuwa mlangoni alianza kusema kitu akakiacha. Bi Adija, mdomo bado umepinda, akasema, "Nimeambiwa Chinongwe kuna Mmwera kafa. Naona wamemzika mume wakamsahau mke." Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya nyumba ile, bibi anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka, mate yanamtoka, anapiga mkeka kwa mkono mzima. Nilikwenda kumfuta, nikakuta na mimi nalia. Ndiyo mara ya kwanza niliona kwamba alikuwa bado yumo.

Bi Adija hakumaliza hapo. Alitoka uani akarudi analalamika kwamba kinu kimekauka hadi kinapasuka, kwani nyumba hii siku hizi inakula unga wa mashine? Nikasema ndiyo. Akaniita mvivu mtoto wa wavivu, akaniamuru nishushe gunia la makopa. Tukamtoa bibi, mmoja kila upande, hadi uani chini ya upenu. Akamsimamisha mbele ya kinu, mimi nikamshika kiunoni kwa nyuma, na ule mkono mgonjwa Bi Adija akaufunga kwenye mchi kwa kipande cha kanga. Bi Mwanaidi akauliza hiki ni kitu gani. Bi Adija akasema ni chakula, wifi yako hatafuti mume, anatafuta ugali. Kweli hakuna eda inayokataza mwanamke kutwanga nyumbani kwake, na Bi Mwanaidi alilijua hilo, akaondoka na ushungi wake.

Wanaonunua unga dukani hawajui kutwanga kwa michi miwili kulivyo. Kinu ni kimoja na watu wawili. Wako ukipanda wangu unashuka, nao haugongani kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake. Huwezi kufanya hivyo umesimama kama nguzo. Mchi ukipanda mwili unaegemea mguu mmoja, ukishuka unahamia wa pili, magoti yanalegea, nyonga inafuata. Siku za kwanza bibi aliinua mchi nusu ya nusu na ukaanguka popote, nje ya kinu, juu ya mguu wangu. Bi Adija alimtukana kwa kila kosa. Alimngoja pia, na kungoja huko sikukuona mara moja. Mchi wake ulisimama hewani mpaka wa bibi ushuke, hata uchelewe vipi, ndipo naye anapiga. Kidogo kidogo nikahisi kwa mikono yangu kiunoni kwake kwamba uzito unakwenda kulia, unakaa, unarudi. Nikakumbuka yule kijana wa wodini. Nikacheka peke yangu.

Ukawa ndio mwendo wetu wa kila siku, asubuhi kabla ya jua kali na tena baada ya alasiri. Mvua zikaanza, ua ukawa tope, tukakisogeza kinu chini ya upenu zaidi. Bi Adija akawa anatia vionjo. Anapiga mchi ukingoni mwa kinu mara moja kabla ya kuushusha, anazungusha nyonga, anapiga mguu chini, na bibi anajibu kwa nyonga moja iliyo hai na nyingine inayobembelezwa. Nilitambua zile zilikuwa hatua za ngoma yao ya zamani, na nikazijua mimi nikiwa nyuma, kwa sababu kila alichofanya bibi kilipitia mikononi mwangu. Hamu ya kula ikarudi. Akaanza kuniagiza: leo pika mbaazi kwa ufuta, embe hizi si nzuri, nenda kachume za mti wa nyuma. Akaanza pia kunisema, jambo lililonifurahisha kuliko yote. Tulitwanga unga mwingi kuliko tulioweza kula, tukagawa kwa majirani, nao wakashangaa jinsi nyumba ya msiba ilivyo na bidii.

Kilichotuponza ni makopa kwisha. Jioni moja tulimaliza gunia la mwisho, nikachekecha unga wa mwisho, na hakuna aliyetaka kuacha. Bi Adija alikuwa ameshika mdundo mzuri, bibi anaupokea bila mimi kumshika sana, na michi ikaendelea kupiga ndani ya kinu kitupu. Kinu chenye makopa kinatoa sauti nzito, ya kazi. Kinu kitupu kinalia kama ngoma, na mwanamke yeyote wa kule anaijua tofauti akiwa nyumba ya tatu. Bi Mwanaidi alikuwa nyumba ya pili. Aliingia uani tukiwa katikati, Bi Adija amejifunga kibwebwe, bibi anatabasamu upande, mimi nashangilia. Aliinama akatazama ndani ya kinu. Kinu kitupu hakitwangwi kwetu hata siku ya kawaida, ni kujiitia njaa, sembuse kwa mjane ambaye mumewe bado hajapoa kaburini. Hakupiga kelele. Alisema, "Kaka yangu mmemchezea ngoma," na sauti yake ilikatika. Mpaka hapo nilikuwa nikimwona mlinzi wa sheria tu. Haikuwa imenijia kwamba na yeye alikuwa amefiwa.

Kesho yake alikwenda kwa mwalimu wa madrasa, naye akajibu kwamba tiba inaruhusiwa na ngoma hairuhusiwi, jibu ambalo kila upande uliondoka nalo umeshinda. Lakini Bi Adija mwenyewe alijua amevuka. Utani nao una ukuta wake, alisema, na mtani akiliza mtu badala ya kumchekesha ni lazima akae kwake. Akakaa kwake. Michi ikaegemezwa ukutani. Nilijaribu kutwanga na bibi mimi, lakini nikimshika kiunoni siwezi kushika mchi, na nikishika mchi anayumba. Akarudi mkekani, akageukia ukuta. Eda ilikuwa inaelekea ukingoni, Saidi alishatuma salamu kwamba anatafuta gari, na mimi nilikuwa napika ugali naula peke yangu kwa hasira.

Asubuhi moja mvua ilikatika, nikawa jikoni napuliza moto wa kuni mbichi, nikasikia mchi. Mmoja. Unapiga, unakaa kimya muda mrefu, unapiga tena. Nilichungulia. Bibi alikuwa amesimama kwenye kinu peke yake, bega moja limeegemea nguzo ya upenu, mkono mgonjwa kaufunga mwenyewe kwa kanga kwa kutumia meno. Ndani ya kinu alikuwa ametia makopa machache yaliyobaki kwenye kona ya chumba. Nilitaka kukimbia kumshika. Kisha nikamwona Bi Mwanaidi kwenye mlango wa ua, ametulia, kikapu mkononi, anasikiliza. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Mchi wa bibi ukapiga, ukanyamaza. Ukapiga, ukanyamaza. Mwanamke wa kwetu akimkuta mwenzake anatwanga, hupokea mchi. Hafikirii, haalikwi kwenye hilo kama asivyoalikwa kuitikia salamu. Na ule mchi mmoja, wenye pengo katikati, ulikuwa unaumiza kuusikiliza. Bi Mwanaidi alitua kikapu. Alitazama ndani ya kinu, akaona makopa. Akachukua mchi wa pili ukutani, akaunyanyua, akangoja, na wa bibi uliposhuka akapiga.

Walitwanga bila kusema kitu mpaka moshi wangu ukageuka moto. Bi Mwanaidi alipiga kwa nguvu, kwa uso mkavu, hapunguzi, haongezi kionjo. Bibi ndiye aliyeanza. Alisema, kwa ulimi ule mzito, "Wifi, unatwanga kama unaua nyoka." Bi Mwanaidi alisimamisha mchi. Niliona midomo yake ikikazana, ikashindwa, akacheka, na kucheka kukageuka kilio, akamkumbatia bibi, kinu katikati yao, wakamlilia yule mtu wao mmoja, mume wa huyu na kaka wa yule. Mimi nilirudi jikoni. Tangu siku hiyo Bi Mwanaidi alikuja kila asubuhi na kikapu cha makopa yake mwenyewe, ili kinu kisije kikawa kitupu. Hakuzungusha nyonga hata siku moja. Lakini alikuwa anajua kungoja.

Siku ya kutoka eda tulimwogesha bibi alfajiri, Bi Mwanaidi akamvika kanga mpya. Saidi alikuwa nje na gari la kuazima, na watu wa kijiji, na Bi Adija nyuma kabisa, kanga usoni, hataki kuonekana. Bibi alitoka mwenyewe. Alishika fremu ya mlango, akaiachia. Akatia mguu wa kulia mbele, akasimama kidogo, nyonga ikaenda, ndipo wa kushoto ukafuata. Alivuka ua mzima hivyo, hatua, kimya, nyonga, hatua, mpaka kwenye kinu, akaweka mkono juu yake. Saidi akamsogelea. Bibi akamwambia, "Mwanangu, kinu changu hakiendi Lindi." Saidi akamshika mama yake mkono akaubusu. Aliondoka mchana na gunia la unga mahali pa abiria.

Sitaki kusema ngoma inatibu kiharusi. Mkono wake haukurudi kabisa, kanga alifungiwa na watu mpaka mwisho wake, na nina wanakikundi ambao tumecheza nao na bado nimewazika. Ninachosema ni kwamba mwili ule ulikataa kutii amri na ukakubali kujibu mtu. Nikiwa uwanjani Nachingwea na mama mgeni anaona aibu, hatua zake ziko nyuma ya wote, huwa simharakishi. Nawaambia wenzake wamngoje.

Nilifika Chinongwe wanaume wameshatoka makaburini. Uani walikuwa wanawake, mikeka, sufuria kubwa za wali, na watani wakiwa kazini. Bi Adija alishafariki zamani, na aliyerithi nafasi yake ni binti yake Zuhura, mpana na mwenye sauti kama mama yake. Alikuwa ameshika mchi kama mkongojo, anamwigiza bibi anavyotembea. Mguu wa kulia, anasimama kidogo, nyonga, mguu wa kushoto. Mguu, kimya, nyonga. Wajukuu waligaragara kwa kicheko. Binti mmoja karibu yangu alisema bibi alikuwa na maringo, hata mgonjwa anatembea kwa pozi. Nilitaka kumweleza, nikaona pa kuanzia sipati. Na wala sikuhitaji. Kwenye kiti karibu na mlango alikuwa amekaa Bi Mwanaidi, mzee sana sasa, macho hayaoni, hakuna aliyekuwa akimsemesha. Alikuwa amegeuza sikio kufuata ule mguu wa Zuhura unaoburutwa. Mguu ukapiga chini, ukanyamaza. Na katika kile kimya, Bi Mwanaidi akainua fimbo yake akagonga sakafu, mara moja, mahali pa mchi wa pili.